Kwa Nini Nilibaki na Manju

Kabula, binti yangu,

Nimekaa nyuma ya nyumba, karibu na zizi, juu ya kile kigoda chenye mguu mmoja mfupi. Karatasi nimeziomba kwa mdogo wako, na kalamu pia ni yake, kwa hiyo nikiishia njiani ujue amekuja kuidai. Jua bado lipo. Kutoka jikoni nawasikia wewe na mama yako mkicheka, na jogoo yule mkorofi aliyekuwa akinikimbiza asubuhi nadhani yumo tayari chunguni. Nimefurahi sana leo. Kesho basi la Masumbwe litakuchukua, na badala ya kuhuzunika kama baba wa heshima, mimi natembea uani nikitabasamu peke yangu.

Ningeweza kukuita tukazungumza, lakini unanijua. Nikianza kusema jambo la maana, wewe unacheka, mama yako ananikatiza, na mwisho wake tunajikuta tunazungumzia mvua. Kuandika ni afadhali. Karatasi haina tabia ya kunikatiza.

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji na ya kutoweka simu mfuko wa nyuma mama yako atakwambia, tena atakwambia mpaka basi liwashe injini. Michembe, vile viazi vikavu, amekufungia ya kutosha kulisha Masumbwe nzima. Mimi siongezi kitu hapo.

Nataka kuzungumzia lile neno ulilosema Jumapili tukiwa tunakula.

Ulikuwa unatusimulia habari ulizopata kwa mama yako mdogo, Mama Rehema. Kwamba kule mwaloni kwao, pale akina mama wanapoponda mawe ya dhahabu na kuyaosha, walikuwa na mwenyekiti aliyewatawala miaka mingi. Mwanamke akimaliza kuponda, karai moja la mawe yake lilikwenda kwa mwenyekiti, apende asipende. Aliyelalamika alihamishwa kivulini akawekwa juani. Aliyelalamika tena aliamka akakuta nyundo yake haipo. Mpaka wakachoka, wakagoma, wakamtoa yeye na kiti chake. Nilishangilia kusikia hivyo. Nikashangilia zaidi uliposema wamekuita wewe ukawe katibu wa kamati mpya, kwa jinsi ulivyokisaidia kile kikundi cha akina mama wa hapa Kharumwa.

Halafu ukasema kuna wanawake ambao mpaka leo, mwenyekiti akiwa ameshatolewa, bado wanampelekea karai lake nyumbani kila jioni. Hakuna anayewatuma. Wanajitwisha wenyewe, wanabisha hodi, wanampa shikamoo, wanaweka chini. Na kwamba kamati imeamua wanawake hao waondoke mwaloni, na kazi yako ya kwanza Jumatatu ni kuwaambia wafungashe. Mdogo wako akauliza watakula wapi. Ukasema, "Wakale kwa mwenyekiti wao! Wale ni punda, baba. Umemfungua kamba, yeye bado amesimama palepale."

Wote tukacheka. Hata mimi nilicheka, kwa sababu ulisema vizuri, na kwa sababu nakupenda unapokuwa mkali. Lakini tonge nililirudisha sahanini. Mimi nilikuwa mmoja wa punda hao, Kabula.

Hadithi ya ngoma unaijua tangu ukiwa mgongoni. Unajua jinsi mama yako, enzi hizo akiitwa Minza tu, alivyokuwa mwimbishaji wa kundi la Manju Masalu. Unajua jinsi alivyowaongoza wenzake wakarundika majembe yao mbele ya nyumba ya Manju wakaenda zao, na jinsi walivyokuja kushindana naye uwanjani. Umeisimulia shuleni, umewasimulia rafiki zako. Lakini hujawahi kuuliza mimi siku ile nilikuwa wapi. Uliamini nilikuwa kando ya mama yako, nami nikakuacha uamini hivyo. Mama yako naye kila akifika uwanjani alikuwa anaruka kipande. Hicho ndicho kipande ninachotaka kukujazia leo, na nakiri naandika polepole, maana sijui utaniangalia vipi ukimaliza kusoma.

Nilikuwa upande wa Manju.

Ngoja nianze mwanzo. Kundi letu lilikuwa la bugobogobo, ngoma ya majembe. Masika tulilima mashamba ya watu kwa mstari, ngoma ikipigwa nyuma yetu, na kiangazi, mavuno yakishaingia ndani, tulicheza kwenye mashindano. Manju ndiye aliyekuwa kila kitu. Yeye ndiye aliyetunga nyimbo, yeye ndiye aliyeshika dawa ya kuvuta watu, yeye ndiye aliyesema nani asimame wapi. Na alikuwa na kipaji kweli, siwezi kumnyang'anya hicho. Akiimba, ng'ombe walikuwa wanaacha kunywa.

Lakini alitutawala vibaya. Shamba lake tulilima kwanza, bure, kabla hatujagusa la mtu mwingine. Ukichelewa mazoezi, faini. Ukipiga chafya akiwa anaimba, faini. Faini ilikuwa mbuzi, na mbuzi alichinjwa palepale kwake. Vijana waliotaka kuoa walimwomba ruhusa yeye kabla ya wazazi wao. Mgongo wangu una alama ya fimbo yake mpaka leo, ile uliyoambiwa ni ya mti wa zizi. Samahani. Haikuwa mti wa zizi.

Siku moja katika mazoezi, Manju aliteleza kwenye tope akakaa chini na kanzu yake nyeupe. Sisi sote tukageuka kuwa mawe. Mama yako akacheka. Unakijua kicheko chake, hakina breki. Manju akasimama, akajipangusa, akasema mbuzi. Mbuzi aliyechukuliwa alikuwa wa bibi yako, mama yake Minza, tena mwenye mimba. Kesho yake alfajiri majembe yalikuwa yamerundikwa mbele ya mlango wa Manju, na karibu kundi lote limehamia kijiji cha pili.

Wakati huo mimi na Minza tulikuwa tumeshaahidiana. Alikuja kwetu mchana ule, akasimama mlangoni, akasema, "Luhende, twende."

Nikamwambia, "Nani atampigia Manju ngoma?"

Kisha akasema, "Gete?" Yaani, kweli kabisa? Halafu akaondoka.

Unajua sasa nilichokuwa nachezea. Ningeweza kumpoteza mama yako. Ningeweza kukukosa wewe, na ndugu zako, na jikoni ile inayocheka huko. Nilijua. Na bado nilichukua ngoma yangu nikaenda kwa Manju.

Utaniuliza kwa nini. Nimejiuliza miaka yote hii, nikichunga, nikilima, nikiwa nimelala namsikiliza mama yako akikoroma (asome hapa akanushe). Nitakwambia nilichokipata, bila mpangilio.

Kwanza, alinipenda, au mimi niliamini hivyo. Nilikuwa na kigugumizi, Kabula. Wewe umenikuta nimeshapona, lakini wakati ule sentensi moja ilinichukua safari nzima ya kwenda kisimani. Watu walinimalizia maneno yangu, tena vibaya. Manju ndiye mtu wa kwanza aliyesema, "Huyu msimwongeleshe, mpeni ngoma." Nikaipiga. Uwanja mzima ukanyamaza kunisikiliza. Mtu akikufanyia hivyo mara moja, unamlipia kwa miaka, na wala hutambui kwamba deni lilishaisha zamani.

Pili, na hapa naona haya, kulikuwa na ini. Mbuzi wa faini akichinjwa, ini lilikuwa la Manju, na Manju alikuwa ananikatia kipande mimi peke yangu mbele ya wote. Kipande chenyewe kidogo, mtu mzima anameza bila kutafuna. Lakini wengine walikuwa wanaangalia. Siku ya mbuzi wa bibi yako pia nilikatiwa. Nikala. Nilikula ini la mbuzi wa mama mkwe wangu nikasema wabeja, asante, na ndiyo maana bibi yako mpaka anakufa kila nilipomtembelea aliniuliza, "Baba Kabula, leo nikuchinjie nini, au umeshajihudumia?" Wewe ulidhani ni utani wa mkwe tu.

La tatu ni zito, na nikishaliandika nitasimama kidogo ninyooshe miguu.

Bibi yangu aliyenilea alifariki msimu wa mashindano uliotangulia. Manju alikuwa na sheria kwamba mchezaji akitupa udongo kaburini wakati ule, dawa ya kundi zima inaharibika. Watu wawili watatu waliwahi kuivunja, wakaenda kuzika, wakalipa mbuzi. Mimi sikuivunja. Walikuwa wanamzika bibi yangu kijiji cha pili, umbali wa kusikika, nami nilikuwa nampigia Manju ngoma ya mazoezi. Baadaye niliambiwa kwamba pale makaburini waliisikia.

Sasa fikiria, mwanangu. Minza anakuja mlangoni ananiambia Manju ni mlafi wa mbuzi, dawa yake ni majivu na mafuta ya nazi, tuondoke. Moyoni nilijua anasema kweli. Lakini kama dawa ilikuwa majivu, basi mimi nilimwacha bibi yangu azikwe bila mimi kwa ajili ya majivu. Niliona afadhali Manju awe mkubwa. Alipaswa kuwa mkubwa sana, mkubwa kuliko Minza, kuliko kundi, ili kile nilichompa kisiwe nimekitupa. Kadiri wenzangu walivyomsema vibaya, ndivyo nilivyomng'ang'ania. Hicho hakikuwa kitu cha akili, wala si kwamba sikuelewa. Nilielewa kupita kiasi.

Na la mwisho, walinitungia wimbo. Si mama yako, ni wenzake. Wiki ile ile kila njia ilikuwa inaimba kwamba Luhende ni mbwa wa Manju, anakula ini halafu analamba sahani. Wimbo ulikuwa mzuri, ndilo lililoniudhi zaidi, nilijikuta naupiga kwa vidole juu ya goti. Kabla ya wimbo ule, kulikuwa na asubuhi mbili tatu ambazo nilivaa viatu niende kwao. Baada ya wimbo sikuvaa tena. Ningeingiaje kwa watu ambao wameshanipa jina?

Nimenyoosha miguu, nimerudi.

Sasa twende uwanjani, na hapa nakuruhusu ucheke, maana sisi wenyewe tumecheka vya kutosha. Unajua mashindano yetu yalivyo. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na hakuna mwamuzi wa kupiga filimbi. Mwamuzi ni miguu ya watu. Upande watakaokimbilia ndio ulioshinda.

Upande wa Manju tulikuwa Manju mwenyewe, mimi, wapwa zake wawili ambao wasingeweza kuondoka kwa kuwa walilala kwake, na Nkwabi. Nkwabi alikuwa amekwenda Runzewe kuuza ng'ombe, amerudi asubuhi ileile, hajui kama tumegawanyika. Alikuwa anarusha jembe lake hewani, analidaka, ananigeukia, "Wenzetu wamechelewa wapi?" Nikamwonyesha kwa kidevu upande wa pili. Akaangalia. Akaona kundi zima limepanga mstari, Minza mbele. Akasema, "Aaa," akalirusha tena jembe, akalidaka, akaondoka nalo taratibu mpaka kule, kama mtu aliyekosea mlango.

Tukabaki wanne. Watu wote walikuwa kwao. Akina mama wenye watoto mgongoni, wazee wenye fimbo, wauza karanga, wote. Kwetu alibaki mzee mmoja aliyesinzia na mbwa wa Manju, na mbwa naye baada ya muda akainuka. Manju alikuwa ananipiga fimbo mgongoni niongeze kasi. Na unajua nilikuwa nafikiri nini? Nilikuwa nafikiri dawa imechelewa. Naapa. Watu wameisha, mbwa ameondoka, na mimi najiambia subiri, dawa ya mwaka huu ni ya taratibu.

Halafu ngoma yao ikapasuka.

Ilikuwa ngoma kuukuu ya kuazima, na aliyekuwa akiipiga hakujua kuipiga. Ngozi ikachanika katikati ya wimbo. Wimbo bila ngoma ukalegea, majembe yakaanza kugongana, watu wakapiga miluzi. Na kwa kuwa mimi sikuwa nimeacha kupiga, mlio wangu ukabaki peke yake uwanjani. Watu wakageuka. Wakaanza kuja upande wetu, kwanza watoto, halafu wengine. Manju alinyanyua mikono juu, akacheka sikioni mwangu, "Umeona? Umeona dawa?"

Nilikuwa nashinda. Nilichokuwa nimekisubiri kimefika, na mimi nilijisikia vibaya sana kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Ndipo Minza akatoka kwenye mstari wao. Akavuka uwanja peke yake, watu wakampisha. Nilijua anakuja kunitemea mate, na nikajiambia nastahili. Akasimama mbele ya ngoma yangu, karibu, jasho linamtoka. Hakumwangalia Manju kabisa. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama tuko kisimani, "Luhende, ngoma yetu imepasuka. Njoo utupigie."

Nikafungua mdomo. Kigugumizi kikanishika. Manju akasema, "Ukivuka hapa usirudi."

Minza akasubiri. Hakunimalizia sentensi. Wewe hujui hilo lilikuwa jambo kubwa kiasi gani. Alisimama katikati ya uwanja uliojaa watu, kundi lake linashindwa, akanisubiri mpaka nikamaliza kusema, "W-w-watanicheka."

Akasema, "Angalia kule." Nikaangalia. Katikati ya mstari wao, pale ambapo mpiga ngoma husimama, palikuwa wazi. Yule aliyepiga ngoma ya kuazima alikuwa amesimama pembeni kabisa. "Nafasi yako ile pale," akasema. "Hakuna aliyesimama."

Nikajitwisha ngoma nikavuka.

Usidhani nilivuka kwa furaha. Nilivuka nalia, kamasi na machozi, mwanaume mzima. Nilikuwa namlilia bibi yangu, kwa mara ya kwanza tangu azikwe. Na hakuna aliyeimba ule wimbo. Yule aliyeutunga alinipisha, akaniwekea ngoma sawa, akasema tu, "Shika hapa, tuko ubeti wa tatu." Basi. Tukapiga mpaka vumbi likafunika uwanja, na watu wakarudi wote, pamoja na mbwa wa Manju.

Nilipofika hapo mama yako amekuja na chai. Akasimama nyuma yangu akasoma, ingawa nilifunika kwa mkono. Nilimwona anatikisika. Nikadhani analia, nikataka kumshika. Kumbe anacheka.

"Baba Kabula," akasema, "nafasi ile?"

"Ndiyo, ile mliyoniachia."

"Palikuwa na mavi ya ng'ombe pale! Mabichi! Rundo hivi! Nani angesimama?"

Kabula, miaka yote ya ndoa yetu nimeishi kwa nafasi ile. Nikiwa na huzuni naikumbuka. Nimewahi kumsimulia padri. Nikamuuliza mama yako kwa nini hakuniambia. Akafuta macho kwa kanga, akasema, "Ningekwambia nini? Ulikuwa umeshaamini. Na kweli wakati wa kuvuka nilipoiona ipo wazi, nikaona ndiyo hiyo. Ulitaka niende kukutafutia nyingine?" Akanipiga kofi la begani, akaacha chai, akarudi jikoni anacheka njia nzima. Sasa nikikumbuka vizuri, viatu vyangu vilinuka sana siku ile, nikadhani ni zizi.

Nimekaa nimefikiri. Nimeamua kwamba haibadilishi kitu. Walikuwa hawajaniachia nafasi, lakini mmoja wao alipoiona, alikuja kunipa. Alinipa akiwa bado ana hasira nami, hilo amenikiri mara nyingi. Alitaka ngoma, hakutaka maelezo. Angeniuliza kwanza, "Kwa nini ulibaki na mwizi yule?" ningesimama palepale mpaka leo, kwa sababu jibu langu wakati ule lingekuwa kumtetea.

Kwa hiyo nakuomba, si kama mtu anayejua, bali kama mtu aliyewahi kubeba karai. Kamati ni yenu na uamuzi ni wenu, na huenda kuna wengine pale wanaotumwa na mwenyekiti kwa ubaya kweli, hao mtawajua. Lakini kabla hujamwambia mtu afungashe, chukua nyundo ukae naye mponde mawe siku nzima. Usimuulize kwa nini anapeleka karai. Hatakwambia, au atakudanganya, kama nilivyomdanganya kila mtu. Pengine mwenyekiti alimpeleka hospitali usiku mmoja wa uchungu wa kujifungua. Pengine alimzuia asizike mtu wake. Ukimwambia kwamba mtu yule alikuwa takataka, atasikia unamwambia kwamba miaka yake aliyompa pia ni takataka, na huo mzigo hakuna anayeupokea kwa mkono wa mgeni. Mwombe kazi. Mwambie huku tumekwama, hili jiwe gumu, wewe unalijua. Na akija, asikute mmeshamtungia wimbo.

Na akija, usitegemee atakuwa amekwisha kuponyoka siku hiyohiyo. Manju alikufa ukiwa unatambaa. Nilikwenda kumzika, nikatupa udongo, nikalia. Mama yako alikuwa amenishika mkono, yeye aliyenyang'anywa mbuzi wa mama yake. Mpaka leo nikisikia mzee anakohoa kama yeye, mgongo unanyooka wenyewe. Ndivyo ilivyo. Nacheka, lakini unanyooka.

Nilitaka kumalizia hapo. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno mazuri ya kukubariki, maana baba asipobariki barua inaonekana kama ya wakala wa mazao. Lakini kuna kitu kimetokea sasa hivi, na kwa kuwa wewe hukuniona, nakiandika.

Umetoka jikoni na simu sikioni, ukasimama upande wa pili wa zizi kutafuta mtandao. Ulikuwa unaongea na Mama Rehema. Mikono ina manyoya ya kuku. Nilitaka kukohoa ujue nipo, lakini nikasikia unasema, "Yaya, hapana, mama mdogo, waambie kamati wasiwaondoe wale. Nisubirini nifike."

Nikaelewa mama yako alikuwa anacheka nini huko jikoni tangu mchana. Ameshakusimulia. Mimi nimekaa hapa na kigoda kibovu, nimemaliza karatasi za mtoto, natafuta ujasiri, na yeye ameshamaliza habari yote huku ananyonyoa kuku, pamoja na mavi ya ng'ombe.

Nadhani Mama Rehema alikuuliza umebadilika vipi tangu Jumapili, kwa sababu ulisikiliza huku ukijibandua manyoya vidoleni. Ulikuwa umenipa mgongo. Nilishika kalamu kwa nguvu, nikisubiri, kuliko nilivyosubiri chochote tangu siku ile uwanjani.

Ukasema, "Nawajua watu wale, mama mdogo. Baba yangu alikuwa mmoja wao." Ukalisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama unavyomwambia mtu baba yangu anaitwa Luhende, halafu ukarudi ndani kumalizia kuku.